Kodi Yuko Likizo

Jumatatu hiyo mtafiti alikuwa akipiga pasi shati, kola na kifua tu, maana kwingine kungefunikwa na koti, mlango ulipobishwa. Nje alisimama mtu wa miraba minne, buti za kazi miguuni, sanduku mkononi.

"Mimi ni Kodi ya faida ya kiwanda cha saruji," alisema. "Nimepewa likizo ya miaka kumi. Anwani yako nimeikuta mwisho wa ripoti."

Mtafiti aliweka pasi chini. Ripoti ilikuwa yake, kurasa themanini za kuishauri serikali kwamba kiwanda kikiachwa miaka kumi bila kulipa kodi, neema itamwagika hadi watu watafute pa kukanyaga. Akamwonyesha mgeni pa kuweka sanduku.

Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, alirudi kutoka zamu akamkuta Kodi kwenye kochi. Akamsalimia, kisha akamuuliza alikuwa amepangiwa kazi gani kabla ya likizo.

"Wodi yenu," Kodi alisema. "Vitanda arobaini, na paa."

"Basi karibu, shemeji. Kule wanalala wawili wawili, mmoja na uchungu wake, mwingine na kichanga chake. Nitawaambia unakuja."

Kodi hakuwa mvivu. Kila alfajiri alivaa buti, akakaa. Akishika ufagio ulimpita viganjani kama moshi; likizo ni likizo. Shida ilikuwa mwili. Kiwanda kilipopata faida yeye alinenepa, na kiwanda hakikukosa faida hata mwaka mmoja. Mwaka wa tatu alijaza kochi. Mwaka wa sita alipita mlangoni kwa ubavu. Mwaka wa nane hakupita tena, na majirani wakazoea kumsalimia dirishani.

Mtafiti naye alikua, ila yeye jina tu. Ofisini walimwita Dokta, mpaka jirani mmoja akamletea mtoto mwenye homa. Mtafiti alimwonyesha jedwali la takwimu.

Mwaka wa kumi ulipoingia, muuguzi alianza kuhesabu siku. Alimnunulia Kodi kamba mpya za buti. Ndipo kiwanda kikaandika barua: kisipoongezewa miaka kumi, kitahamia nchi jirani. Wizara ikampa mtafiti wiki mbili apime jambo hilo.

Alilipima. Kiwanda kilikuja kwa ajili ya kilima cha chokaa kilicho nyuma yake, na kilima hakipakiwi kwenye lori. Kingekuja hata bila likizo, na hakikuwa na pa kwenda. Hilo mtafiti alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Alijua pia ni nani hulipia kongamano la watafiti kila Desemba, hotelini, na ni nani huchagua mzungumzaji mkuu.

"Utaandika?" mkewe aliuliza.

"Nitaandika kila kitu."

Akaandika. Ukweli wote uliingia, ukurasa wa sitini na tatu, tanbihi ya kumi na mbili. Hitimisho lilishauri likizo iongezwe.

Mkewe alisoma karatasi ikiwa imemgusa pua. "Baba watoto, ukweli wako umeuandika kwa herufi za mayai ya chawa."

"Lakini umo."

"Hata mimi nimo kwenye picha ya harusi ya dada yako. Kiwiko."

Kodi aliomba naye aone. Alisoma polepole, akarudisha karatasi. "Tanbihi nzuri," alisema kwa adabu, akainama kufungua zile kamba mpya.

Baada ya mwezi walibomoa ukuta wa katikati ili Kodi anyooshe miguu, na meza ya mtafiti ikakosa pa kukaa. Muuguzi alikuwa zamu. Wodini sasa walilala watatu watatu. Wizara, iliyoipenda sana ile ripoti, ilikuwa imemkabidhi mtafiti kazi nyingine: achunguze kwa nini wodi za umma hazina vitanda.

Aliweka kompyuta juu ya goti la Kodi, lililomfika kifuani, akaandika: "Chanzo cha upungufu huu bado hakijajulikana. Utafiti zaidi unahitajika."

"Ndugu yangu," alisema, "usitikisike. Herufi zinaruka."

Kodi akabana pumzi.