Jembe Si Kijiko cha Pilau

Mgambo Eustace alimdaka Mwanajuma mkono akiwa ndiyo kwanza anashuka ngazi.

"Mama, hii kazi yako?"

"Yangu. Tabora nzima nani mwingine anaandika hivi?"

Ulimi ulitangulia akili. Juu ya ukuta wa ghala la pamba, maneno aliyoagizwa na kijiji yalisimama kwa herufi nene kama askari wa gwaride: UJAMAA NI KAZI. Hayo hayakuwa na neno. Balaa lilikuwa chini, pembeni, kwa ule mwandiko wake wa mabango ya vinyozi na mahoteli ya chai: herufi zimelala, zimeshikana, nene brashi inapokanyaga, nyembamba inaponyanyuka, mkia wa mwisho ukiburuzwa hadi rangi iishe. *Shomari Mzaramo, jembe si kijiko cha pilau.*

Shomari ndiye katibu wa kijiji. Jana alimwambia Mwanajuma mbele za watu kwamba Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani. Leo kajibiwa. Makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe kwenda pwani, na neno la mtani halilali bila jibu. Shomari angesoma, angecheka, mstari ungefutwa.

Lakini mgeni wa chama kutoka Dar es Salaam, aliyetazamiwa kesho, alikuwa amewahi. Landrova yake ilikuwa inaegeshwa.

"Unamtukana kiongozi kwa herufi za kinyozi," Eustace alisema. "Kituoni."

"Mwanangu, ni utani."

"Siku hizi hakuna makabila, mama. Utani wa nani na nani?"

Mwanajuma aliwafikiria wanawe, aliowaacha Tabora mjini kwa jirani. Mwaka ule wa sabini na nne, mtu aliingia kituoni kwa neno dogo kuliko hilo.

Mgeni alisoma ukuta mara mbili. "Ndugu Katibu, hili nalo ni tangazo la kijiji?"

Shomari alimtazama Mwanajuma. Akimkana, mama huyu anakwenda kituoni. Akimkubali, ukabila unamwangukia yeye. Mwanajuma hakumwomba, mtani haombi.

"Huyu ni mtani wangu," Shomari akasema. "Muache, Eustace. Mtani hafungwi, hunyang'anywa."

Akainama, akachukua brashi ya manyoya laini, ile bapa, akaitia mfukoni pamoja na rangi yake mbichi.

Herufi za gwaride zinaandikika hata kwa ufagio, ila zile za kulala zilitaka brashi ile tu, na ndizo zilizosomesha watoto wa Mwanajuma. Alichochukua mtani hakidaiwi.

"Tutaongea ndani," mgeni alimwambia Shomari, bila tabasamu. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Eustace aliuachia mkono. "Mbona kakuibia mchana kweupe, mama?"

Mwanajuma alisogea karibu na dirisha la ofisi, akashika kiuno, akacheka kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mgeni asikie kwamba ulikuwa utani kweli.