Ampli ya Maneno

Safi aliichukia ampli ile kuliko mke mwenza. Mke mwenza angalau utamkuta kisimani, mtatazamana, mtatukanana, utarudi nyumbani moyo umepoa. Lakini utalitukanaje sanduku la chuma, zito kama gunia la mpunga, limekaa mezani nyumbani kwako na taa mbili kubwa tumboni?

Sanduku hilo lilikuja na uhuru. Mwaka wa sitini, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa mitambo kwenye kiwanda cha pamba alifunga mizigo akavuka mpaka wa Kavimvira, na mashine zake za kuongea na dunia akamwachia fundi wake wa umeme, Maneno, mume wa Safi. Redio yenyewe ilikuwa ndogo. Ampli ndiyo iliyochukua sauti ya Maneno, ikaitia nguvu, ikaifikisha mbali. Kila siku baada ya alasiri alijifungia chumbani akashika mikro ya kusemea, na huko jikoni Safi akaona balbu inafifia, maana ampli ilikunywa umeme wa nyumba nzima. Maneno akisema, balbu inasinzia. Akinyamaza kumsikiliza mwenzake, inang'aa. Safi alisonga ugali huku akiyasoma mazungumzo ya mumewe kwenye balbu.

Na mwenzake huyo alikuwa mwanamke. Léocadie, mwalimu wa Dakar, eti. Dakar! Sauti ilisikika kama ya mtu aliyesimama nyuma ya choo, halafu Safi aambiwe ni Dakar. Hata hivyo si hilo lililomuuma zaidi. Tangu mtoto wao azaliwe, Safi alimwita mumewe Baba Bahati, kama mwanamke mwenye adabu zake. Yule alimwita Maneno. Maneno tu, kavukavu, kama mama aliyemzaa.

Halafu kila walipoagana, mume wake alisema jambo lile lile: "Septante-trois, Léocadie. Septante-trois."

Kifaransa Safi hakukijua, lakini hesabu za Kibelgiji alizijua, maana aliuza samaki wa ndagala sokoni. Sabini na tatu. Sabini na tatu nini? Aliumiza kichwa wiki nzima, mpaka siku moja akipita mtaa wa Songo akaiona namba hiyo kwenye mlango, zile namba za rangi nyeupe walizopaka watu wa kodi zamani za Wabelgiji. Barazani ameketi mwanamke mzuri anashona kwa cherehani. Akauliza majirani. Anaitwa Ernestine, hana mume. Basi! Kumbe Léocadie ni jina la kuzugia. Wanaelekezana nyumba hewani, na yeye Safi yuko jikoni anawapikia.

Uasi ndio uliompa sababu. Mwaka wa sitini na nne, wakati wa masika, habari zilifika kutoka Sange kwamba waasi wamelishika bonde la Ruzizi, na wanamkamata mtu yeyote mwenye mtambo wa kuita ndege.

"Baba Bahati, uuzishe kile kintu," alisema Safi. "Bakiikuta hapa, batasema ni weye unaita ndege. Batatumaliza sisi bote."

Maneno alimgeukia. "Iko woga tu, Mama Bahati? Hakuna ingine?"

"Iko woga tu."

Uongo mtupu. Aliogopa, ndiyo, nani hakuogopa siku zile? Lakini woga wake ulikuwa kiganja kimoja, na wivu wake kapu zima.

Mnunuzi alitoka Bujumbura na gari lake, fundi wa redio aitwaye Sévère. Kabla ya kugusa kitu ndani ya sanduku, aliuingiza mkono wa kushoto mfukoni. Maneno akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.

"Unajua kazi," alisema. "Mukono moja ndani ya mufuko, umeme usipite ku roho."

Safi aliona haya. Miaka minne aliuona mkono ule wa mumewe mfukoni, akaamini unaficha barua. Suruali zake alizipekua mara ngapi, akaambulia skrubu.

"Iko muzima?" aliuliza Sévère.

"Iko muzima. Usiiwashe bila antena tu, itaungua."

"Na weye utabakia na nini?"

"Redio kidogo. Nitasikia batu. Beye habatanisikia."

Bei haikuwasumbua. Walipoibeba kwenda garini, Maneno alipapasa mfuniko wake polepole, na Safi akaonea wivu hata kile chuma. Lini alimpapasa yeye hivyo?

Gari halijafika barabarani, Safi yuko njiani kwenda Songo.

"Nimekuja kukuambia," alimwambia Ernestine, hata hodi hakupiga. "Simu yenu imekatika!"

"Simu gani, mama? Minye sina hata redio. Ingia utafute."

Safi akaingia kweli, akatafuta kweli. Alikuta kitanda, vitambaa, na kuku anayeatamia mayai. Waya hata mmoja hakuuona. Alirudi nyumbani akipita njia za nyuma.

Maneno alikuwa ameketi mbele ya redio ndogo inayokoroma peke yake.

"Baba Bahati, septante-trois ni nini?"

"Salamu. Batu ba redio tunaagana na namba. Unamwambia kila muntu, hata padri."

Safi alicheka mpaka machozi. Salamu! Ameiuza sauti ya mume wake kwa ajili ya namba ya mlango wa watu! Kesho atamwambia ukweli, amwombe msamaha, wamtafute Sévère.

"Na bale banapendana," aliuliza kwa sauti tamu, "nabo biko na namba yabo?"

"Biko nayo. Quatre-vingt-huit. Ni mapenzi na busu."

Themanini na nane. Safi aliipenda. Kesho atamuaga nayo mlangoni, amshangaze.

Redio ikaacha kukoroma. Sauti ile ikaja, safi, kutoka Dakar.

"Maneno? Maneno?"

Juu yao balbu iliwaka vilevile, haikufifia hata kidogo. Sauti iliita tena, ikangoja. Halafu ikashuka, kama ya mtu asiyedhani tena kwamba anasikilizwa.

"Quatre-vingt-huit, Maneno. Quatre-vingt-huit."

Mkono wa Maneno ulikimbilia kitufe cha kupunguza sauti. Ule mwingine ulikuwa mfukoni.