Shikamoo, Gati

Kabla chai ya saa nne haijaiva, Kapteni Rugambwa alikuwa amekwisha kuua watu mia mbili na arobaini.

Aliwaua kwa utaratibu, arobaini arobaini, akiwa amekaa sebuleni kwake Mabatini na blanketi magotini. Chombo chake cha angani kilikikaribia kituo polepole, kikayumba kushoto, kikayumba kulia, kisha kikajibamiza ubavuni na kugeuka moto wa rangi ya chungwa. Gemu lenyewe halikuwa na abiria. Lilikuwa na rubani mmoja tu, asiye na sura. Abiria arobaini waliongezwa na Kapteni mwenyewe kwa sababu, alisema, hakuna mtu mwenye akili anayepeleka chombo kitupu mahali.

"Wamekufa tena," alisema.

"Mungu awalaze pema," alijibu mwanawe Projest, kwa sauti ya katekista wa zamu. "Msiba upo hapa hapa nyumbani. Rambirambi apokee Mama."

"Nyamaza. Washa tena."

Projest alikuwa kidato cha tatu, yuko nyumbani kwa likizo ya Juni, na shuleni kwao bweni zima lilimjua. Ndiye aliyebandika tangazo, kwa jina la uongozi, kwamba Jumapili kila mwanafunzi aende misani na kijiko. Wakaenda mia tatu na vijiko vyao, na padre akabaki akiwatazama. Ndiye aliyeisomea wasifu wa marehemu ndoo iliyopasuka, hadi mwalimu wa zamu akavua kofia kabla ya kuuliza nani amefariki. Safari hii alikuja na gemu kwenye flashi aliyopewa na rafiki yake Antoni, akaliweka kwenye kompyuta kuukuu aliyoiacha dada yake Nice alipoolewa. Daktari alikuwa amesema mzee achezeshe vidole, akapendekeza kupukuchua mahindi. Projest alipendekeza anga.

Kapteni alilidharau gemu kwa dakika tano. Kisha akaliona duara la kituo likimsubiri kwenye weusi ule, akasogeza kiti.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amepeleka kivuko Nansio, kisiwani, na kukirudisha. Kila alipokaribia kufunga gati alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kusema, "Shikamoo, gati." Gati lilikuwepo kabla yake na lingekuwepo baada yake, kwa hiyo alilihesabu kuwa mkubwa wake. Masele, mfunga kamba wake aliyetoka Kisesa, aliruka nchi kavu na kamba, akaizungusha kwenye nguzo, na ilipokaza akaitika kwa niaba ya gati: "Marahaba." Hapo tu ndipo injini ilipozimwa. Abiria wa siku nyingi hawakuinuka vitini kabla ya marahaba ya Masele.

Halafu mkono wa kulia wa Kapteni ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe, kisha kalamu, kisha usukani. Miaka mitatu iliyopita kivuko kililigonga gati badala ya kulikaribia, Masele akiwa katikati ya kuruka, na mguu wake wa kushoto ukabaki kati ya chuma na saruji. Siku hiyo hakuna aliyeitika. Kapteni alistaafishwa kwa barua ya mistari minne. Kuhusu siku ile alikuwa na neno moja: upepo. Ulikuwa upepo. Nyumbani kwake hakuna aliyebishana na upepo huo.

"Baba," Projest alisema baada ya mauaji ya saba, "kuna kitufe hapa. Ukikibonyeza, kompyuta inaegesha yenyewe."

"Gari ndilo linaegeshwa. Chombo kinafunga gati."

"Haya, inafunga gati yenyewe. Marubani wote siku hizi wanatumia."

"Basi hao si marubani. Ni abiria waliokaa mbele." Kapteni alifuta kiganja kwenye blanketi. "Na hiyo kompyuta italiamkia gati?"

"Itatuma meseji."

Mama yake, Specioza, alicheka jikoni. Kapteni hakucheka. Aliwasha tena, akaua wengine arobaini.

Hivyo ndivyo wazo lilivyozaliwa, na lilipozaliwa lilikuwa utani tu. Hilo lisemwe kwa haki ya mtuhumiwa. Jumatano, Kapteni alipokwenda chooni, Projest aliingia kwenye mipangilio ya gemu, akaiamuru kompyuta ikishike chombo yenyewe kikibakiza mita mia mbili, kimya kimya, bila kungoja kitufe, na akaificha alama ndogo ya kijani inayotoa taarifa hiyo. Mzee angefunga gati kwa ustadi wa ajabu. Wangeshangilia. Kisha, mezani, Projest angesimama na kutangaza kwamba Kapteni Rugambwa amebebwa kama bibi harusi. Hotuba ilikuwa tayari, ina sehemu tatu na sala ya kufunga.

Kapteni alirudi, akakaa, akashika vitufe. Chombo kilikwenda mbele. Mkono ulitetemeka vilevile, lakini kwenye mita mia mbili chombo kilitulia kama maji kwenye karai. Pua yake ikalilenga duara. Kapteni alisahau kupumua. Midomo ilijongea kwanza bila sauti, kisha sauti ikaja, ndogo, iliyopata kutu.

"Shikamoo, gati."

Kioo kikaandika kwa kijani kwamba chombo kimefungwa. Kapteni hakutazama kioo. Aligeuka akamtazama mwanawe, akangoja, na Projest, ambaye hotuba yake ilikuwa kwenye ulimi, akasikia neno lingine likitoka.

"Marahaba."

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika kwa muda, na safari hii si kwa ugonjwa. Mchana ule alikula sahani mbili za ndizi. Hotuba haikusomwa.

Angesema kesho yake. Kesho yake Kapteni alifunga gati mara nne, na kila mara akangoja kuitikiwa. Keshokutwa mara tisa. Ilipofika wiki ya pili alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi na kulitoa blanketi juani, na Specioza alikuwa anaimba nyimbo za kwaya ambazo nyumba ile ilikuwa imezisahau. Projest, aliyewahi kuwadanganya watu mia tatu kwa mpigo bila kukosa usingizi, aligundua kwamba kumdanganya mmoja ni kazi nzito zaidi. Alijiambia kwamba ni dawa. Dawa nyingine ni unga mtupu na watu wanapona. Aliwahi kusikia hivyo, shuleni, kutoka kwa Antoni, aliyepata ziro Baiolojia.

Jumatano nyingine Kapteni alikata simu, akapiga goti lake kofi.

"Nimeongea na Josephat."

Josephat alikuwa na boti ya abiria inayokwenda visiwani. Nahodha wake alikuwa amehama.

"Kuongea nini, Baba Nice?" Specioza aliuliza.

"Jumamosi napeleka boti Nansio. Ni majaribio. Nikifunga vizuri, kazi ni yangu."

"Boti tupu?" Projest aliuliza.

"Umewahi kuniona napeleka chombo kitupu?" Kapteni alitabasamu. "Watu sabini. Na Masele nimemwita. Nimemwambia, mguu mmoja unatosha kuzungusha kamba."

Projest alitoka nje, akasimama karibu na karo la kufulia.

Jioni hiyo hiyo alizima msaada wa kompyuta, akampelekea baba yake mashine. "Funga mbili tatu, Baba. Mazoezi."

"Nimeshahitimu. Angani kwenyewe nimefunga mara sitini na moja, sembuse Nansio." Na mkono wake, ulioshika redio, ukaitetemesha redio hadi stesheni ikapotea.

Alhamisi alikwenda kwa Masele, aliyekuwa anashona viatu kwenye kibaraza cha duka la vifaa, mtaa wa pili. Masele alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, gongo lake la kutembelea limelazwa pembeni.

"Shikamoo, kaka Masele."

"Marahaba, msomi. Umekuja na tangazo gani leo?"

"Jumamosi usiende."

Masele alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kwa nini?"

Hapo ndipo ukweli ulipotakiwa kusemwa. Projest aliutazama mguu wa suruali uliokunjwa na kubanwa kwa pini, pini safi, ya fedha, iliyobanwa vizuri kabisa.

"Upepo," alisema. "Wanasema Jumamosi kutakuwa na upepo."

"Upepo," Masele alirudia. "Kapteni ameniambia mkono umepona. Wewe unaishi naye. Umepona?"

"Anafunga gati kila siku."

"Nimekuuliza mkono."

Mteja alifika na kandambili iliyokatika, na Projest akautumia mwanya huo kuondoka. Aliondoka kwa hatua za mtu mwenye heshima zake hadi kwenye kona, kisha akakimbia.

Jumamosi saa mbili kasoro asubuhi Kapteni alikuwa sebuleni, amevaa shati jeupe la kazi lenye vishikizo vya dhahabu vilivyofungwa na Specioza, maana vishikizo vilikuwa vimemshinda. Masele alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, anakunywa chai. Boti ilikuwa iondoke saa tatu. Kompyuta ilikuwa mezani, imewashwa.

"Baba," Projest alisema. "Moja ya mwisho. Kaka Masele hajakuona ukifunga."

"Tunachelewa."

"Ni dakika tatu."

"Acha akuone, Baba Nice," Specioza alisema. "Afurahi."

Kapteni alikaa. Alikunja mikono ya shati, akamkonyeza Masele, akakipeleka chombo. Mita mia tano. Mita mia tatu. Projest alisimama nyuma ya kiti na mikono mgongoni, kama siku za gwaride. Mita mia mbili. Hakuna kilichotulia. Pua ya chombo ilikwenda kulia, Kapteni akairudisha, ikapita, akairudisha tena.

"Shikamoo, ga..."

Rangi ya chungwa iliwamulika wote usoni.

"Mtandao," alisema Kapteni.

"Halitumii mtandao, Baba."

"Basi tena."

Alirudia. Masele aliweka kikombe chini. Mara ya pili chombo kililipuka hata kabla pua haijalilenga duara. Mara ya tatu Kapteni aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akausukuma chini ya meza kama mtu anayeficha mtoto mtukutu, akajaribu kwa mkono mmoja. Ilipokwisha, aliongea bila kugeuka.

"Umefanya nini, Projest?"

"Leo sijafanya kitu. Zile zingine ndizo nilifanya. Ilikuwa inajifunga yenyewe. Niliiwasha siku ile, ilikuwa utani, nilitaka kusema..."

"Zipi?"

"Zote."

"Sitini na moja."

"Ndiyo, Baba."

"Na ulikuwa unaitika."

Nje mtu alikuwa anapita akiuza samaki, anaita kwa sauti ya uchovu.

Kapteni alikaa hivyo, akitazama moto wa kwenye kioo ukijirudia, ukijirudia. Kisha aligeuza kiti, kidogo kidogo, hadi akawa ana kwa ana na mlango.

"Masele," alisema. "Siku ile haukuwa upepo."

"Najua, Kapteni."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye nilikuwa pale katikati."

"Mbona leo umekuja?"

Masele alilitafuta gongo lake, akaliweka sawa kwapani. "Uliniambia umepona," alisema. Alisimama, akamshukuru Specioza kwa chai, akaenda zake. Gongo lilisikika kwenye ngazi, kisha kwenye changarawe.

Specioza ndiye aliyempigia Josephat. Boti ilipata nahodha mwingine, ikaenda Nansio, ikafunga gati, na watu sabini wakashuka wakilalamikia jua. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa na sababu ya kushukuru.

Mume wa Nice alikuja kuichukua kompyuta. Blanketi lilirudi magotini. Siku tisa zilizobaki za likizo, Projest aliamka kila asubuhi, akaenda mbele ya kiti kile, akasema, "Shikamoo, Baba." Kapteni alitazama dirishani. Hakuwa na hasira usoni, hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa kama mtu anayengoja kwanza kamba ikaze, na kamba haikazi.

Asubuhi ya kurudi shule Projest aliweka sanduku mlangoni, akarudi sebuleni.

"Shikamoo, Baba. Naondoka."

Kapteni aliendelea kutazama dirishani. Projest alipofika kizingitini aligeuka. Mkono wa kulia wa Kapteni ulikuwa umeinuka juu ya blanketi, unapunga, au unatetemeka tu kama siku zote. Projest alisimama hapo akiutazama hadi mama yake alipomwita mara ya tatu kwamba basi litamwacha, na bado hakuweza kusema ulikuwa unafanya lipi.