Ile ya Alhamisi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, Vestina aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba aliyopanga Kasulu mjini, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, akasoma kwa sauti mazungumzo aliyoyaandika jana yake. Alikuwa na haya kiasi cha kushindwa kuita bodaboda iliyo ng'ambo ya barabara, lakini hapo uani aligeuka mzee, akageuka mke mwenza, akageuka polisi. Mwenye nyumba wake, Adija, aliyekuwa na duka la vitenge upande wa mbele, alimsikiliza huku akianika nguo, na mara nyingi uvumilivu ulimshinda.

"Usimpokee huyo mwanaume!" alidakia siku hiyo. "Anakudanganya, mwanangu!"

"Ma Adija, ni maandishi tu."

"Maandishi ndiyo yanayouma. Haya, endelea."

Hakuendelea. Simu ililia. Alikuwa Nurudini, mwongozaji wa tamthilia, akipiga kutoka Dar es Salaam.

"Vesti, nimesoma kipindi cha mwisho. Kizuri. Ila pale kitandani hapana maneno. Mzee anakata roho, mkamwana wake aliyetunzwa naye miaka yote anapiga magoti, halafu anapiga yale makofi ya heshima tu? Watu watabadilisha chaneli. Nataka aseme, 'Asante, Harerimana.' Amtaje, watu walie."

"Kaka, kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hata akiwa peke yake shambani."

"Basi aseme kitu kingine. Nisipopata maneno yako kesho jioni, nitayaandika mwenyewe. Na unajua ninavyoandika."

Vestina alijua. Chai ilipoa bila kunywewa.

Tamthilia yenyewe iliitwa Nyumba ya Harerimana, na Harerimana alikuwa babu yake. Baba yake Vestina alipofariki, yeye bado anabebwa mgongoni, ndugu wa ukoo walimwambia mama yake, Esteri, afungashe arudi kwa watu wake katika kambi ya wakimbizi. Mzee hakubishana nao. Alikunja mkeka wake, akatoka kwenye nyumba ya bati, akahamia kibanda cha jikoni, akatangaza kwamba nyumba sasa ina mwenyewe, mkamwana wake. Alilala katika moshi ule mpaka siku ya mwisho. Vestina alisomea katika nyumba ile, akatoka humo kwenda chuoni, na hadithi ya kwanza aliyoituma kwa watu wa runinga, ile iliyompa kazi anayoipenda kuliko kitu chochote, ilikuwa ya mzee aliyehamia jikoni. Kulitumia jina la babu ndiko kulikokuwa kushukuru kwake.

Lakini mtu aliyetaka kumfurahisha kuliko wote hakuwahi kusema neno. Mama yake aliitazama tamthilia kila wiki kwa jirani, na Vestina alipopiga simu aliulizwa habari za mvua. Taratibu alianza kuamini kwamba alimwumiza mama kwa kuanika mambo ya nyumbani mbele ya nchi nzima. Sasa alihitaji maneno ya mkamwana, na aliyekuwa nayo alikuwa yuleyule aliyeogopa kumwuliza. Akapanda basi la Kibondo asubuhi hiyohiyo.

Kitahana, kijijini kwao, kabla hajafika nyumbani, aliitwa kutoka dukani kwa Swaumu, yule jirani mwenye runinga.

"Mwandishi huyo! Njoo hapa. Yule shemeji mwenye roho mbaya atakufa au hafi?"

"Siruhusiwi kusema, Ma Swaumu."

"Mchoyo! Umemrithi mama yako." Swaumu aliegemea kaunta. "Nikimwuliza mbele ya wateja mwanao anaandika tamthilia gani, anasema, 'Ile ya Alhamisi.' Ya nani? 'Ya yule mzee.' Mzee gani? 'Yule mwenye nyumba.' Juzi mteja mmoja akampa pole, akidhani anagombana na mwenye nyumba wake!"

Vestina alicheka, kisha akaacha ghafla. Jina. Alikuwa ameliweka kwenye kichwa cha tamthilia na kwenye kinywa cha kila mwigizaji. Mwiko aliomweleza Nurudini asubuhi bila hata kufikiri, hakuwahi kuukumbuka kwa ajili ya mama yake mwenyewe. Mama asingeweza kuisifu tamthilia wala kuitaja, na asingeweza hata kueleza kwa nini hawezi.

Alimkuta Esteri uani akichambua maharage kwenye ungo. Vestina akapiga magoti, wakasalimiana kwa kupigiana makofi ya polepole, habari za huku, habari za huko, za Kasulu, za shamba, za kuku, mpaka salamu ikatosha.

"Mama, nisamehe. Nimeandika kitu usichoweza kukitaja."

Esteri alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakatikisika kwa kicheko. "Umejua leo? Mchungaji alinisimamisha nishuhudie Mungu alivyokuinua. Nikasema, 'Mwanangu anaandika... anaandika...' Nikakaa chini. Wakaitikia aleluya hivyohivyo!"

"Nilidhani umekasirika."

"Nikasirikie nini, mwana wanje, mwanangu?"

Vestina alisogea karibu na ungo, akaanza kutoa mawe pamoja naye. Ilikuwa rahisi zaidi kuuliza mikono ikiwa na kazi. Akamweleza mama anachotaka yule mwongozaji. "Babu alipokuwa anakata roho, ulipiga makofi tu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaandika nilichokiona."

"Uliona vizuri."

"Basi nimwambie aache vilevile?"

Esteri alipepeta ungo mara mbili. Upepo ulipeperusha maganda uani. "Hapana," alisema hatimaye. "Huyo bwana wa Dar hajui jina halitajwi, lakini hapo pengine amepatia. Yale makofi hayakutosha. Niliyapiga kwa sababu maneno yalinishinda, na nimejuta tangu siku ile."

"Kwa hiyo ungesema nini?"

Mama yake aliweka ungo chini. Aligeukia kile kibanda cha jikoni, akakutanisha viganja kana kwamba kuna mtu ametoka kumsalimu, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Databukwe, baba mkwe wangu, ulilala kwenye moshi ili mimi nilale pakavu. Waliponiita mgeni, wewe uliniita mwana. Sikukwambia asante kwa sababu nilikuheshimu mno, na heshima ikanifunga mdomo. Asante, baba."

Vestina alikuwa ameshika simu tayari kuandika, lakini herufi hazikuonekana kwa machozi. Esteri alimtazama akihangaika kuyafuta, akamsogelea, akamshika mikono yote miwili.

"Hayo ni ya babu yako, mpelekee mwongozaji wako. Ya kwako ni haya. Kila wiki natoka dukani kwa Swaumu nimejaa furaha mpaka naogopa kuongea, nisije nikalia mbele za watu. Umemfanya babu yako ajulikane na watu ambao mimi sitawaona kamwe. Najivunia wewe, Vestina. Asante."