Mboga Chungu za Baba Melvin

Mume wangu Odero alikuwa mtu wa Ijumaa. Siku nyingine zote serikali ndiyo ilikuwa naye kule Kajiado, kwenye ofisi za wilaya, na mimi nilikuwa Kitengela na cherehani yangu na mtoto wetu Melvin. Ijumaa jioni basi la Namanga lilimshusha barabarani, nami nilikuwa nimeshaoga na kujifunga leso mpya, huku nikijifanya nina kazi nyingi, sina nafasi ya kumngoja mtu. Hakudanganyika hata siku moja.

"Nyar Busia," alikuwa akisema mlangoni, yaani binti wa Busia, "leo umependezea nani?"

"Mwenye nyumba," nilikuwa nikimjibu, na yeye anacheka mpaka majirani wanajua Baba Melvin amefika.

Odero hakuwahi kuiita Kitengela nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa Ugenya, kule upande wa ziwa, na hapa tulikuwa tumepanga tu. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha, mtu huyu wa tai na kalamu mfukoni alichanganyikiwa. Lazima apande kitu. Nyuma ya ploti yetu, kati ya ua na choo, palikuwa na kipande cha udongo mweusi unaoganda kwenye viatu, na hapo ndipo alipopanda saga, ile mboga chungu ambayo kwao wanaiita dek. Mbegu alitumiwa na mama yake, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Aliziheshimu kuliko mshahara.

Mwaka uliofuata mafuriko ya El Niño, alipatwa na nimonia akiwa kazini. Wenzake walimpeleka hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Kajiado, ambayo siku hizi haipo tena. Nilimkuta ametundikiwa dripu, na nyuma ya mkono wake wa kushoto wamemwekea branula, kile kimrija cha plastiki kinachobaki ndani ya mshipa ili usidungwe upya kila mara. Hakulalamikia kifua. Alilalamika kwamba Ijumaa inakuja na yeye yuko kitandani.

Alimbembeleza sista mpaka sista akachoka. Homa ilikuwa imeshuka, zilibaki sindano chache, basi wakamruhusu aje nyumbani na kurudi Jumatatu. Branula wakaiacha mkononi, wakaifunika kwa plasta.

"Maji isiguse hapo," sista alimwambia. "Na uchafu pia."

Alishuka kwenye basi amekonda, mkono ameuinua kifuani kama mtu anayebeba yai. Nilisahau kujifanya. Nilimkimbilia pale barabarani mbele ya watu wote na sikuona haya.

Usiku huo mvua ikanyesha. Jumamosi nilitoka kupeleka sare za shule nilizoshona, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta nyuma ya ploti, amepiga magoti kwenye tope, anachanganya samadi ya mbuzi na udongo kwa mikono yake yote miwili. Ule wa branula alikuwa ameuvika mfuko wa maziwa na kuufunga kwa lastiki aliyoitoa kwenye cherehani yangu. Mfuko ulikuwa umepasuka kwenye vidole, na ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai.

"Wewe Baba Melvin! Uko na akili kweli?"

"Mvua hainingoji nipone."

"Si ungechukua jembe!"

"Jembe haijui samadi imekolea wapi. Mkono ndio unajua." Akanitazama na lile tabasamu lake. "Usikasirike. Hii mboga ikiwa tayari, mimi niko hapa mezani, nakula, na wewe unanipigia kelele. Sawa?"

Nilimpigia kelele hapo hapo. Nilimbadilisha plasta, nikamkaripia tena wakati wa chakula, na Jumatatu akarudi Kajiado akadungwa sindano za mwisho. Wakaitoa branula, wakamwambia aende kazini.

Ijumaa nilijifunga leso. Basi likaja, likashusha watu, likaenda. Likaja jingine. Nilisimama pale mpaka wauza nyanya wakafunga vibanda vyao na Melvin akaanza kulia njaa. Nimewahi kumkosa Odero kwa namna nyingi tangu wakati huo, lakini ile ya kusimama barabarani nikiwa bado sijui kitu ndiyo inayonirudia.

Asubuhi yake Bedan, mwenzake wa ofisini, alikuja kuniambia. Odero alikuwa ametetemeka tangu katikati ya wiki. "Tulijua tu ni malaria," Bedan alisema akitazama chini. "Mtu wa upande wa ziwa akitetemeka, ni nini ingine? Nikamnunulia dawa kwa chemist. Jana akazidiwa, tukamrudisha hospitali." Odero hakuwa ameliona ziwa tangu Krismasi, na Kajiado mbu wenyewe ni wa kutafuta. Lakini sikuweza kumlaumu Bedan. Mimi pia ningesema malaria. Sisi tukipata homa hatuulizi mara mbili.

Alikuwa wodi ile ile, kitanda kile kile cha dirishani. Pale ilipokuwa branula pamevimba, pamekuwa pekundu, na mstari umepanda kuelekea kiwiko. Daktari Kiragu, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alinipeleka kando.

"Mama, hii si malaria. Ni bakteria, wameingia kwa damu. Sasa wamefika kwa moyo."

"Walitoka wapi?"

"Inaweza kuwa ile samadi. Inaweza kuwa hapa kwetu, mikono yetu, ama hiyo branula yenyewe. Siwezi kukudanganya, sijui."

Nilitaka sana ajue. Nilitaka kitu kimoja cha kuchukia, hospitali au ile samadi, na nilipokosa nilimchukia Odero mwenyewe kwa siku kadhaa, huku nikimpangusa jasho.

Wiki zikapita, dawa zikibadilishwa. Homa ilikuwa ikishuka tunashukuru Mungu, kisha inapanda tena. Nyumbani saga ilikuwa imeota bila kujali. Nilimwambia kwa hasira, "Hiyo mboga yako imetoka." Macho yake yakafunguka vile ambavyo hayakuwa yamefunguka tangu alazwe.

"Imefika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono kwenye mguu wangu: kifundoni. Tangu siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Nikiingia tu, "Imefika wapi?" Nami naonyesha. Nusu ya muundi. Karibu na goti. Mzee Gakuru wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, alitucheka. Yeye alisema ile mboga aliwahi kuionja kwa jirani, akadhani amepewa dawa ya ng'ombe.

"Nichumie," Odero aliniambia siku moja homa ilipokuwa imekaa chini. "Pika vile mama hupika. Daktari anasema nikiendelea hivi, wataniachilia. Lakini nionje kwanza hapa, nipate nguvu ya kupanda basi."

Saga ya mama yake haipikwi siku moja. Unaichemsha, unamwaga maji, unatia maziwa, unaiacha. Kesho unaipasha, unaongeza maziwa mengine, unaiacha tena, mpaka ule ukali unakubali kuondoka. Maziwa nilipata kwa Mama Nashipae, jirani yetu Mmaasai, ambaye alipojua ni ya nini alikataa kupokea chochote. Lakini mimi sikuwa na subira ya mama mkwe. Nilipasha mara moja tu, nikaifunga sufuria kwa leso, nikapanda basi.

Odero alichukua kijiko, akatafuna taratibu amefumba macho. Kisha akakunja uso.

"Bado."

"Bado nini? Nimetoka Kitengela na sufuria kwa mapaja!"

"Nyar Busia, hii bado ni chungu. Rudisha kwa moto, ongeza maziwa. Niletee Ijumaa."

"Si ule tu!"

"Nimengoja mpaka hapa. Nitashindwa na Ijumaa?" Akanishika mkono kwa ule wake uliopona, akaushika muda mrefu. Kiganja chake kilikuwa na joto, nami nikajiambia ni la sufuria.

Nikarudi nayo. Niliipasha, nikaongeza maziwa, nikaiacha. Niliipasha tena. Ijumaa nilioga nikajifunga leso mpya, kwa sababu Ijumaa ni Ijumaa hata kama safari hii mimi ndiye wa kupanda basi.

Kitanda cha dirishani kilikuwa chuma kitupu. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, juani. Sista alikuja haraka akanishika mabega, akasema moyo, akasema asubuhi hii, akasema walijaribu. Nilimsikia vizuri. Niliketi kwenye zile springi na sufuria mapajani.

"Pole, mama," Mzee Gakuru alisema. "Pole sana. Asubuhi aliniuliza kama ni Ijumaa."

Nikafungua leso. Nikatoa kijiko nilichokuwa nimemletea Odero, nikachota, nikamnyooshea yule mzee ng'ambo ya kitanda.

"Onja," nikamwambia. "Niambie kama zimeiva."

Hakutaja ng'ombe. Alikula polepole, machozi yakimshuka kwenye ndevu nyeupe.

"Imeiva, mama. Saa hii ni tamu."

Sikumwamini. Nikachukua kijiko, nikaonja mwenyewe. Mzee hakuwa amenidanganya. Zilikuwa zimeiva vile vile alivyozitaka Odero, na ilikuwa Ijumaa.