Kila Fundi na Kufuli Lake

Jana mjukuu wangu, fundi wa lifti kama marehemu babu yake, alinikuta nakunja nguo.

"Bibi, chama cha mafundi kinakutana kesho. Wanataka timu nzima itumie kufuli moja kwenye swichi kuu. Eti makufuli mengi yanachelewesha kazi."

"Tena?"

Nilichoka hata kabla ya kusimama. Hii ni mara ya tatu. Zamani mafundi walitundika tu kipande cha boksi, "Usiwashe". Siku moja kilidondoka, mfagiaji akakizoa, mlinzi akawasha umeme, na mume wangu yumo shimoni chini ya lifti. Ndipo chama kikaandika kanuni: kila fundi na kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake.

"Si uwaambie mwenyewe?"

"Mimi wananiita mtoto wa juzi. Wewe hawakubishii."

Hawajaumwa na nyoka, ung'ongo utawashtuaje?

"Ofisi yao ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Lakini lifti tunaitengeneza, kufuli langu liko pale. Kesho nilitoe, nikuwashie mara moja?"

"Thubutu! Liache hapo hapo. Nitolee vile viatu vya chini, nitapanda ngazi."