Mwangalizi wa Siku Moja

Bi Crabbe aliamua kuugua mafua asubuhi ileile niliyomhitaji. Alijifunika blanketi mpaka kidevuni, akaniambia, "Philippa, leo hatuendi popote. Mhadhara mmoja hautakuua."

Hautaniua! Profesa Haldenby alikuwa amebakiza nafasi moja tu katika maabara yake, na angeitoa siku hiyo baada ya mhadhara. Asiyefanya kazi maabara hafanyi mtihani wa sayansi. Sikumlilia baba mwaka mzima, nikatoka kwetu Halifax, ili nije kujifunza kudarizi.

Lakini kanuni ni kanuni. Chuo chetu kilianzishwa na mapadri zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na ungedhani mapadri walewale bado wamekaa mlangoni. Sisi wasichana tulifunguliwa bweni juzijuzi tu, nje kabisa ya mji, tukaruhusiwa kusikiliza mihadhara kwa sharti kwamba kila msichana aje na mwanamke aliyewahi kuolewa, wa kumwangalia. Wangu alikuwa Bi Crabbe, mjane, ambaye hufuma soksi mhadhara wote bila kusikia neno.

Nikatoka mbio peke yangu. Bawabu Hoskyns aliponiona akauziba mlango kwa tumbo lake.

"Mwangalizi wako yuko wapi, bi mdogo?"

"Anaumwa. Niache nipite, Hoskyns, nakuomba."

"Basi na wewe nenda kaumwe."

Wavulana walikuwa wakipita pembeni yangu, wengine wanapiga miayo, hakuna aliyewauliza wameongozana na nani. Nilitamani kumng'ata mtu. Ndipo nikamwona Bi Dorcas Tubb, muuza samaki, akikokota kikapu chake cha mikunga kwenda jikoni mwa chuo. Nikamshika mkono, nikamweleza harakaharaka.

"Kukaa tu?" akauliza.

"Kukaa tu, mama."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti."

"Twende. Miguu inaniuma."

Hoskyns alitoa macho. "Huyu? Kanuni inataka mwanamke aliyeolewa!"

"Nimeolewa mara tatu, Hoskyns. Wa pili alikuwa binamu yako, au umesahau ulivyolewa harusini ukaanguka kwenye supu?"

Tukapita. Tulikaa nyuma kabisa, mimi, yeye na kikapu. Profesa akaanza, "Mabwana," kama kawaida yake. Katikati akauliza swali kuhusu moyo wa chura, ukumbi mzima kimya. Niliinua mkono mpaka bega likaniuma. Macho yake yakapita juu yangu, akajijibu mwenyewe. Nilikasirika mpaka nikaona giza.

Mhadhara ulipokwisha nikamfuata, Bi Dorcas ubavuni. Kwa desturi profesa hakusema na msichana. Alisema na mwangalizi wake, na neno la mwangalizi ndilo lilikuwa la mwisho. Hilo halikunitia wasiwasi, maana Bi Dorcas alikuwa upande wangu.

"Bibi," profesa akamwambia, akijizuia kukunja pua, "kazi za binti huyu zimezipita za wote. Nafasi ipo. Ila niseme wazi, maabara tunachinja sungura, tunapasua vyura, tunashika matumbo kwa mikono. Unaridhia?"

Bi Dorcas alivishika vidole vyangu, akavigeuzageuza. Vyake vilikuwa vimepasukapasuka, damu ya samaki imekauka kwenye kucha.

"Matumbo? Kwa mikono hii?" akasema. "La, bwana. Siridhii hata kidogo."

"Bi Dorcas!"

"Nyamaza, mwanangu. Mimi nafanya kwa sababu ya shida. Wewe una baba."

"Profesa, huyu si mwangalizi wangu! Nimemwokota njiani!"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni, Profesa Haldenby alinitazama usoni.

"Basi umeingia humu bila mwangalizi," akasema. Kisha akageuka. "Bwana Fenwick, nafasi ni yako."

Fenwick ilibidi aamshwe.

Nje nilifungua kinywa nimtukane mama wa watu. Alinipapasa shavu kwa upole kabisa.

"Nimekuokoa," akaniambia, akabeba kikapu chake, akaenda jikoni kuchuna mikunga.